Hana Mtu: Upweke Katikati ya Sharika Zetu na Namna ya Kuushinda



Tumezoea kuwaletea katika kurasa hizi taarifa za visima, vitalu vya miche, vikundi vya kuweka na kukopa na nyumba za wazee. Safari hii naomba tuzungumzie jambo ambalo halimo katika bajeti ya mradi wowote wa dayosisi yetu, ingawa linagusa karibu miradi yote. Jambo hilo ni upweke.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikwenda kufanya tathmini ya mradi wa kuboresha makazi ya wazee katika mojawapo ya sharika zetu za mlimani. Mmoja wa walengwa alikuwa mjane mwenye umri wa zaidi ya miaka 80. Nyumba yake ilikuwa imeezekwa kwa bati jipya, sakafu imewekwa saruji, na nje kulikuwa na tangi la kuvunia maji ya mvua. Kila kitu kilikuwa kama kilivyoandikwa kwenye mpango. Nilimwamkia, nikakaa, nikafungua dodoso langu la kurasa 4, nikamwuliza, "Bibi, mradi huu umekusaidia nini?"

Akajibu, "Umenisaidia sana, mwanangu. Mvua hainipigi tena. Sasa usiku nikisikia inanyesha juu ya bati, sina wa kumwambia kwamba imenyesha."

Dodoso halikuwa na nafasi ya kuandika jibu hilo. Niliandika "ameridhika", nikaenda nyumba iliyofuata. Njiani nilianza kujiuliza maswali. Mama huyu alizaa watoto 6. Wawili wamefariki, wanne wako mijini na hutuma fedha kwa simu, fedha ambazo mtoto wa jirani humsaidia kuzitoa kwa wakala. Jumuiya yake hukutana kila Jumamosi asubuhi, lakini magoti hayamruhusu kuteremka bonde na kupanda tena. Mzee wa kanisa alikuwa akipita kila mwezi kuchukua bahasha yake ya ahadi. Kwa hiyo kwenye vitabu vya usharika alikuwa msharika hai. Bahasha yake ilifika kanisani kila mwezi, yeye mwenyewe hakufika, na aliyeichukua hakukaa.

Makala hii imetokana na jibu la mama yule. Nataka tuelewe upweke ni nini, Neno la Mungu linatufundisha nini, wengine wamefanya nini, na kamati ya usharika inaweza kuanzia wapi.

UPWEKE NI NINI?

Kuna tofauti kati ya kuwa peke yako na kuwa mpweke. Bwana Yesu aliamka alfajiri na mapema akaenda mahali pasipo na watu kuomba (Marko 1:35). Huo haukuwa upweke, ulikuwa ni muda wa kuwa na Baba yake. Upweke ni maumivu anayoyapata mtu anapoona kwamba uhusiano alio nao na watu ni mdogo kuliko ule anaouhitaji. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi peke yake na asiwe mpweke, na mwingine akawa mpweke akiwa ndani ya ndoa, ndani ya kwaya ya watu 40, au kwenye ofisi yenye simu inayolia kutwa nzima.

Wengi wetu tumezoea kusema kwamba upweke ni tatizo la Wazungu, kwamba sisi Waafrika tuna undugu, tuna majirani, tuna misiba na harusi zinazotukutanisha. Mimi pia nilisema hivyo. Lakini mwezi Juni 2025 Tume ya Shirika la Afya Duniani inayoshughulikia mahusiano ya kijamii ilitoa taarifa inayotupasa kuisoma kwa unyenyekevu. Kwa mujibu wa taarifa hiyo, mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke. Katika nchi zenye kipato cha chini ni takriban asilimia 24 ya watu, wakati katika nchi zenye kipato cha juu ni takriban asilimia 11. Yaani kwa maskini upweke ni zaidi ya mara mbili. Taarifa hiyo inakadiria pia kwamba upweke unahusishwa na vifo zaidi ya 871,000 kila mwaka, kwa kuwa unachangia magonjwa ya moyo, kiharusi, kisukari, sonona na hata watu kujitoa uhai. Aidha, vijana wako miongoni mwa wanaoumia zaidi, si wazee peke yao.

Ukitafakari, sababu zake hapa kwetu si ngumu kuziona. Vijana wamekwenda mijini kutafuta kazi, na nyumba nyingi za mlimani huchangamka mwezi Desemba tu, wakati wa Krismasi, kisha mwezi Januari geti linafungwa. Kijana aliyefika mjini naye anapanga chumba kimoja, anatoka alfajiri na kurudi usiku, na aliyepanga chumba cha pili hamjui hata jina. Mjane au mgane hupata watu wengi siku ya mazishi, na baada ya siku chache kila mtu hurudi kwake. Mama mwenye mtoto mwenye ulemavu huacha kuja ibadani kwa kuogopa macho ya watu. Msichana wa kazi za ndani huja kanisani akiwa amebeba mtoto wa tajiri wake na hakuna anayemsalimu kwa jina. Hata mchungaji na mwinjilisti, ambao kila mtu huwapelekea shida zake, mara nyingi hawana pa kupeleka za kwao.

NENO LA MUNGU LINATUFUNDISHA NINI?

Jambo la kwanza ambalo Mungu alisema si jema katika uumbaji wake lilikuwa mtu kuwa peke yake (Mwanzo 2:18). Tukumbuke kwamba hilo lilisemwa kabla ya dhambi kuingia duniani. Adamu alikuwa na chakula, alikuwa na kazi, na Mungu alizungumza naye, na bado Mungu aliona kuna kitu kimepungua. Kwa hiyo tusimwambie mtu mpweke kwamba imani yake ni ndogo, au kwamba akiomba zaidi hatahitaji watu. Kumhitaji mtu mwingine ni namna tulivyoumbwa.

Katika Injili ya Yohana sura ya 5 tunasoma habari za mtu aliyekuwa mgonjwa kwa miaka 38 kando ya birika la Bethzatha. Pale palikuwa na wagonjwa wengi wamelala. Yesu alipomwuliza kama anataka kupona, hakujibu ndiyo wala hapana. Alieleza kwamba hana mtu wa kumwingiza majini. Tuangalie vizuri. Mtu huyu alikuwa katikati ya umati, mahali panapofahamika, karibu na hekalu, na watu walipita. Alikuwa na watu wengi na hana mtu. Mimi naona hapo ndipo penye tatizo la sharika zetu. Tuna watu wengi. Tunahesabu mahudhurio, tunahesabu bahasha, tunahesabu vikundi. Lakini msharika mmoja mmoja, je, ana mtu?

Habari za nabii Eliya (1 Wafalme 19) zinatuonyesha jinsi Mungu mwenyewe anavyomhudumia aliyevunjika moyo. Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Mungu hakumkemea. Kwanza alimpa usingizi na chakula, mara mbili. Kisha alimwuliza anafanya nini pale, akamwacha aseme malalamiko yake yote, na alipomwuliza tena akamwacha ayarudie yale yale. Halafu akampa kazi, na katika kazi hiyo akampa Elisha awe mwenzake. Chakula, kusikilizwa, kazi na mwenzi. Miradi yetu mingi huishia kwenye chakula.

Mtume Paulo naye hakuona aibu kusema kwamba anahitaji mtu. Akiwa kifungoni, wengi wamemwacha na Luka peke yake yuko naye, alimwandikia Timotheo ajitahidi kuja upesi, amletee joho aliloliacha Troa pamoja na vitabu, na aje kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4:9-21). Mtu aliyeandika nyaraka nyingi kiasi kile alijua kwamba kuna jambo ambalo waraka hauwezi kulifanya. Vivyo hivyo fedha zinazotumwa kwa simu ni njema sana, lakini haziwezi kukaa kwenye kigoda.

Sisi Walutheri tuna hazina nyingine ambayo hatuitumii vya kutosha. Katika Makala za Smalkald za mwaka 1537, Martin Luther alipoorodhesha njia ambazo Injili hutufikia, hakuishia kwenye mahubiri, Ubatizo, Meza ya Bwana na maungamo. Aliongeza mazungumzo na kufarijiana kwa ndugu wao kwa wao. Yeye mwenyewe alijua uzito wa huzuni. Mwaka 1530 alimwandikia kijana Hieronymus Weller, aliyekuwa akiwafundisha watoto wake na kusumbuliwa na huzuni nzito, akimshauri aukimbie upweke na atafute watu wa kuzungumza na kucheka nao. Kwa mantiki hiyo, msharika anayekwenda kukaa na jirani yake hafanyi kazi ya pembeni wakati mchungaji anafanya kazi yenyewe. Naye anapeleka Injili.

TUMEJIFUNZA NINI KUTOKA ZIMBABWE?

Watu wakisikia hayo huuliza, "Je, mazungumzo tu yanaweza kumsaidia mtu kweli?" Jibu zuri linatoka kwa jirani zetu wa Zimbabwe.

Mwaka 2005 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alimpoteza mgonjwa wake aliyejitoa uhai. Mgonjwa huyo alipaswa kurudi hospitali kwa matibabu, lakini familia haikuwa na nauli. Daktari akatambua kwamba hospitali haiwezi kuwasubiri watu waje, huduma lazima iwafuate waliko. Mwaka 2006, katika eneo la Mbare jijini Harare, alianza na bibi 14 waliokuwa wakijitolea katika kazi za afya ya jamii. Hawakuwa wasomi wa saikolojia. Walifundishwa namna ya kusikiliza na kumsaidia mtu kuchambua shida zake moja baada ya nyingine, wakapewa benchi la mbao nje ya zahanati. Huduma hiyo inaitwa Friendship Bench, yaani Benchi la Urafiki.

Bibi hao hawakuanza na majina ya kitaalamu ya magonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake ni kufikiri kupita kiasi. Sisi tungesema mtu huyu "ana mawazo". Bibi humsaidia mgeni wake kufungua moyo, kuchagua shida moja ya kuanza nayo, na kutafuta hatua anayoweza kuichukua yeye mwenyewe. Baada ya mazungumzo kadhaa, mgeni hualikwa kwenye kikundi cha watu waliopitia benchi hilo hilo, ambako hukutana na kufanya kazi za mikono pamoja.

Mwezi Desemba 2016 matokeo ya utafiti uliofanyika katika zahanati 24 za Harare, ukihusisha watu 573, yalichapishwa katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Baada ya miezi 6, miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida ya zahanati karibu nusu walikuwa bado na dalili za sonona. Miongoni mwa waliokaa na bibi kwenye benchi, walikuwa takriban asilimia 14. Huduma hiyo imeshafika nchi nyingine, ikiwa ni pamoja na Malawi na Zanzibar.

Ndugu msomaji, Benchi la Urafiki si mradi wa kanisa. Lakini tujiulize: kama zahanati yenye bibi 14 na benchi imeweza, usharika wenye jumuiya 20, na katika kila jumuiya mama watatu au wanne wenye hekima na moyo wa huruma, unashindwa nini?

URAFIKI WA NGAZI TATU

Katika semina zetu tumekuwa tukieleza kwamba mahusiano yana ngazi tatu. Ya kwanza ni ya salamu. Tunajuana sura, tunauliza habari za nyumbani, tunajibu "nzuri" hata kama si nzuri. Ya pili ni ya shughuli. Tunaimba pamoja, tunakusanya hisa pamoja, tunapika pamoja msibani. Ya tatu ni pale mtu anapoweza kusema lililo moyoni bila kuogopa, na mwenzake akabaki.

Ngazi mbili za kwanza ni njema, na bila hizo huwezi kufika ya tatu. Kosa letu ni kudhani kwamba tukiongeza za kwanza, ya tatu itakuja yenyewe. Tunapoona washarika wamepoa tunaanzisha kikundi kipya, kongamano, au sare mpya. Ibada za jumuiya zilikusudiwa kuwa mahali pa ngazi ya tatu, lakini tuseme ukweli: katika jumuiya nyingi muda huisha kwenye wimbo, somo, sadaka na matangazo, kisha kila mtu anawahi shamba au soko. Hakuna aliyeulizwa, "Wewe wiki hii imekuwaje?"

Waswahili husema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tumeona ukweli wa methali hiyo katika kutembelea watu. Safari ya kwanza mwenyeji anakuona mgeni, anahangaika kutafuta kiti na chai. Ya pili anashangaa umerudi. Kuanzia ya tatu anaacha kukupokea kama mgeni, naye anaanza kusema.

USHARIKA MMOJA ULIOFANIKIWA NA MWINGINE ULIOSHINDWA

Baada ya tathmini ile tulikaa na kamati ya diakonia ya usharika wa yule mjane. Hatukuwa na fedha za nyongeza. Tulikubaliana tu kwamba mama wawili wa jumuiya yake waende kwake kila Alhamisi alasiri, wakae saa moja, na wasibebe fomu. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Mmoja aliniambia baadaye kwamba maneno yaliwaishia baada ya dakika 10, wakaanza kumsaidia kuchambua maharage ili mikono iwe na kazi. Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza. Katika mwezi wa pili aliwasimulia habari za binti yake aliyefariki, jambo ambalo hakuwa amelizungumza na mtu kwa miaka mingi, kwa sababu, alisema, kila aliyekuja alimwambia anyamaze asimkosee Mungu.

Baadaye akasema, "Ninyi mnakuja kunihudumia, na mimi niwape nini?" Wakampa kazi. Kila Alhamisi walimletea majina ya wagonjwa na wanafunzi wa kipaimara wa mtaa ule, naye akawaombea kwa majina wiki nzima na kuuliza habari zao wiki iliyofuata. Wanafunzi wenyewe walipopata habari, wachache walianza kupita kwake wakitoka shule. Mama huyu aliishi miaka miwili zaidi. Siku ya mazishi, watoto wake walipoulizwa habari za kuandika historia ya marehemu, walijua mwaka wa kuzaliwa na majina ya wajukuu. Mengine yote waliyaeleza wale mama wawili, pamoja na nyimbo alizotaka ziimbwe. Mtoto wake wa kwanza alilia, akasema hakujua kwamba mama yake alikuwa na marafiki.

Usharika wa pili ulianza kwa shangwe kubwa zaidi, na huduma ilikufa ndani ya miezi mitatu. Sababu tulizozibaini ni tatu. Kwanza, watembeleaji 4 walipewa kaya 40, kwa hiyo kila ziara ilikuwa ya dakika chache, wanaomba na kuondoka. Pili, walianza kwa kugawa sabuni na sukari. Sukari ilipokwisha, walioona aibu kwenda mikono mitupu waliacha kwenda, na baadhi ya wenyeji nao walikasirika. Tatu, jambo lililosemwa ndani ya nyumba moja lilisikika sokoni. Baada ya hapo hakuna aliyefungua moyo tena. Naandika haya kwa ruhusa ya kamati yenyewe, ili wengine wasirudie.

KAMATI YA USHARIKA IANZIE WAPI?

1. Anzeni na jumuiya moja tu. Andikeni majina ya wasioonekana: wanaoishi peke yao, waliofiwa ndani ya mwaka, wagonjwa wa muda mrefu, wanaolea mtoto mwenye ulemavu, vijana na wafanyakazi waliohamia.

2. Chagueni watembeleaji kwa kuangalia sifa mbili: wanaojua kusikiliza na wanaotunza siri. Si lazima wawe viongozi. Waende wawili wawili, kama Bwana alivyowatuma wanafunzi (Marko 6:7), na wasipewe zaidi ya kaya tatu.

3. Siku na saa ijulikane na isibadilike hovyo. Kwa mtu mpweke, kumwahidi na kutokwenda kunaumiza kuliko kutomwahidi kabisa.

4. Zawadi isitangulie. Pakiwa na njaa, chakula kipelekwe, lakini kwa mkono mwingine wa diakonia, ili mtembeleaji abaki kuwa rafiki.

5. Sikilizeni zaidi ya kusema. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 bila neno (Ayubu 2:13), na hizo ndizo siku walizomfaa. Walipoanza kumfafanulia mateso yake ndipo walipoharibu.

6. Pokeeni kutoka kwake. Kila mtu ana kitu: maombi, ufundi, historia ya mtaa, mbegu za bustani. Anayepewa tu kila siku hubaki mlengwa wa mradi, na urafiki unahitaji naye atoe.

7. Jueni mpaka wenu. Mtu akizungumza habari za kutaka kufa, akiacha kula au kulala kwa muda mrefu, au mkibaini ukatili ndani ya nyumba, mwoneni mchungaji na mtoa huduma wa afya mara moja, na msimwache peke yake. Kumtunzia siri hakumaanishi kuficha hatari.

8. Watembeleaji wakutane na mchungaji au mwinjilisti mara moja kwa mwezi. Nao wanabeba mizigo, nao wanahitaji kuwa na mtu.

Nawe unayesoma ukiwa ndiwe mpweke, usisubiri kamati. Mwambie mtu mmoja unayemwamini jambo moja la kweli. Paulo aliomba aletewe mtu, na wewe si mkubwa kuliko Paulo.

KWA WAHISANI WETU

Tunawashukuru kwa mabati, matangi na ada za shule. Hatuombi mviache, kwa kuwa mtu anayelowa hawezi kuzungumza vizuri. Tunachoomba ni mambo mawili. La kwanza, mkubali kwamba sehemu ndogo ya fedha za mradi itumike kwa mafunzo ya watembeleaji, nauli za maeneo ya mbali na ufuatiliaji wa mwezi kwa mwezi. Ni gharama ndogo, lakini bila hiyo moto huzimika. La pili, mtuvumilie katika taarifa zetu. Kuhesabu mabati ni rahisi. Ni vigumu kuhesabu kwamba bibi fulani sasa anacheka.

Hata hivyo tumejaribu. Katika dodoso letu jipya la makazi ya wazee tumeongeza swali moja mwishoni: "Mara ya mwisho mtu kuja kukaa nawe bila shughuli ilikuwa lini?" Awamu ya kwanza tulipouliza, wengi walinyamaza kwanza, kisha wakataja msiba.

Naziomba kamati zote, kabla ya kikao chenu kijacho cha diakonia, kila mjumbe ajibu swali hilo kwa kaya tano zilizo jirani naye, kisha alijibu kwa ajili yake mwenyewe. Majibu yenu mtuletee ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji wa usharika, ili tupange pamoja mafunzo ya watembeleaji.

Mungu, ambaye Zaburi ya 68 inamtaja kuwa huwapa wapweke makao, azibariki jumuiya zetu ziwe makao hayo. Amina.

Mratibu wa Miradi, Dayosisi